Ng'ombe wa baba mkwe kwenye mizabibu yangu

Leo ng'ombe wa baba mkwe amekula mizabibu yangu, akaacha vijiti.

Miaka mitatu naitunza hapa Nyamwaga, penye migomba na mahindi. Majani tele, zabibu hakuna.

Nimelia, sifichi. Mnaotaka kucheka, chekeni.

Mzee, mwenye ng'ombe, akasema, "Mama Bhoke, panda ndizi kama wenzako."

Jirani yetu, mchimba dhahabu kutoka Dodoma, akachungulia. "Shemeji, kwetu tunaikata hivihivi ndipo izae. Hujawahi kuikata?"

Sijawahi. Nilikuwa naionea huruma.

Basi nikafuta machozi, nikachukua mkasi. Ng'ombe alibakiza mstari mmoja, nimeukata wote mwenyewe.

Mzee akauliza kama nimechanganyikiwa.

"Hapana, baba. Naomba umfunge ng'ombe wako. Kazi yake imeisha, iliyobaki ni yangu."