Hata Peari Zilikuwa na Majina

Barua ya ofisi ya kumbukumbu ilifika Jumanne, miezi mitano baada ya mazishi, na jina juu ya bahasha lilikuwa la marehemu. Bi Doreen Tebbutt. Ombi lako la kukiona kitabu chenyewe limekubaliwa. Fika Alhamisi, saa nne asubuhi.

Amos Tebbutt aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Shule hakuifaidi. Alitolewa mapema akachimbe mitaro ya mashamba, na kutoka mitaro akaingia makaburi. Makaburi ya kanisa la Stoke Ferrow aliyachimba miaka arobaini na mmoja. La mwisho lilikuwa la mkewe, na siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kugusa sepetu.

Aliiweka barua mezani. Birika lilichemka, likachemka, hakuliondoa.

"Haya, Dory," alisema mwishowe. "Nitakwenda mimi."

Kisa chenyewe ni hiki. Kanisa lilitaka ubao wa mwaloni wenye majina ya watu wote waliozikwa pale zamani, enzi ambazo mtu wa kawaida hakuwekewa jiwe. Wazo lilikuwa la Meja Lattimer, mzee wa kanisa, mwanajeshi mstaafu aliyenunua nyumba ya zamani ya mapadre. Kazi ilikuwa ya Doreen. Miaka miwili alikaa na nakala za vitabu vya maziko, miwani puani, akinakili kwa penseli. Majina mia nne na kumi na mawili. Meja alikuwa akipita Ijumaa, anakunywa chai, anakula keki, anasema, "Tunaendelea vizuri." Tunaendelea!

Mstari mmoja ulimshinda Doreen. Machi, mwaka 1809. Nakala ilikuwa na doa, na kilichosomeka ni "mtoto" na "Gudgin" tu. Na hao Gudgin walikuwa watu wake. Keziah Gudgin, mfuma lesi, alikuwa nyanya wa nyanya wa nyanya yake. Doreen akaacha nafasi, akachora kistari kidogo.

"Huyu simwachi nje, Amos. Wenzake wote wameingia."

Alikufa Aprili. Kistari kilibaki palepale, na fundi wa kuchonga ubao aliahidiwa Novemba.

Kitu kimoja cha Keziah walikuwa nacho. Anayefuma lesi huweka mto mapajani, na kila uzi huzungushiwa kijiti chake, vijiti hata hamsini vikining'inia na kugongana. Kwenye mto wa Doreen kilikuwapo kimoja cha mfupa, rangi ya meno ya mzee, kilichorithiwa binti kwa mama tangu Keziah. Kilitobolewa vitundu vidogo vikatiwa rangi, vikafanya maandishi yanayokizunguka: Jesse, 1809. Zamani kijana akimpenda mfuma lesi alimchongea kijiti chenye jina lake. Kwa hiyo ukoo mzima ulikubaliana kwamba Jesse alikuwa mchumba, na kwamba alimla Keziah ujana wake akamkimbia. Walimcheka vizazi sita.

"Amos, hilo geti lisipotengenezwa leo naondoka na Jesse."

"Nenda. Mwambie viazi havijachimbwa."

Miaka hamsini na miwili ya ndoa, utani ni huo huo. Geti lenyewe hakulitengeneza mpaka wiki ya mazishi.

Alhamisi alivaa koti lake jeusi, akatia kijiti mfukoni, akapanda basi la saa mbili.

Kwenye ofisi ya kumbukumbu alipokewa na binti aitwaye Tamsin, mwenye penseli nyweleni.

"Nilikuwa namtarajia Bi Doreen."

"Yuko kaburini. Nimekuja mimi."

"Pole sana, Bwana Tebbutt. Alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu. Nilidhani amenichoka."

"Hakuwa mtu wa kuchoka."

Kitabu kikaletwa, kikalazwa juu ya mto laini ili mgongo wake usivunjike. Kumbe hata vitabu vina mito, Amos aliwaza. Mwandiko ulikuwa wa madaha, mikia ya herufi imepinda kama mizizi. Hakuambulia neno. Tamsin akainama na kioo cha kukuzia.

"Hapa. Machi kumi na nne. 'Amezikwa mtoto wa haramu wa yule Gudgin, umri siku tisa, hakubatizwa. Upande wa kaskazini.'"

"Jina lake?"

"Hakuandika."

"Tazama tena, binti yangu."

"Nimetazama, Bwana Tebbutt. Hakuna jina. Hata la mama hakuliandika."

Amos akaweka kidole hewani juu ya ukurasa, bila kuugusa. "Na haya yaliyofuata? Mbona marefu?"

Tamsin akasita. "Ni mambo yake mwenyewe. Mapadre wa zamani waliandika mambo yao humu."

"Nisomee."

"'Siku hiyo hiyo peari zangu za ukuta wa kusini zimechanua, mapema kuliko mwaka jana. Ya kwanza Jargonelle, kisha Bergamot, kisha Catherine.'"

Saa ya ukutani iligonga mara kadhaa.

"Hiyo ni miti," alisema Amos.

"Ndiyo."

"Miti mitatu, kila mmoja na jina lake."

"Ndiyo, Bwana Tebbutt."

"Na wino alikuwa nao."

Amos aliona shingo yake mwenyewe ikipata moto, na hakuwa mtu wa hasira za haraka. Amewahi kuzika watoto wachanga. Sanduku la mtoto hubebwa kwapani. Kaburi lake huchimbwa kwa nusu saa, lakini mchimbaji hujivuta, kwa sababu kumaliza haraka kunaonekana ni dharau. Na huyu padre, mwenye kalamu mkononi na shule kichwani, alimaliza kwa mstari mmoja akageukia peari.

"Siku ngapi ulisema?"

"Tisa."

Mkono wa Amos ulikuwa mfukoni. Kidole gumba kilikuwa kinapapasa kijiti, kama mtu anavyopapasa funguo. Chini ya jina, chini ya mwaka, kulikuwa na nukta nyekundu zilizopangwa mstari mmoja kuteremka hadi mwisho wa kijiti. Ukoo ulisema ni madoido. Kidole kikateremka. Moja. Mbili. Kikafika mwisho, kikarudi juu kuhesabu upya, maana hakukiamini.

Akakitoa, akakiweka juu ya meza.

"Hesabu wewe, una macho."

Tamsin akahesabu kwa kioo. Kisha akakiweka kioo chini. "Tisa. Na mwaka ni huo huo."

"Hakuwa mchumba."

"Hapana."

"Tulimcheka," alisema Amos. "Mimi na Dory, miaka yote ile, tulimcheka mtoto."

Padre alimnyima jina. Mama akaenda akalichonga kwenye mfupa, pamoja na kila siku aliyoishi, akalitundika kwenye mto wa kazi mahali ambapo mkono wake utaligusa kutwa. Kitanda hakizai haramu, wanasema watu wenye akili. Lakini wenye akili hawakuwa na kitabu siku hiyo.

Aliporudi hakwenda nyumbani. Alishukia kanisani, akazunguka hadi upande wa kaskazini, kwenye wigo wa miiba ambako jua halifiki. Kaburi hata moja halikuonekana pale. Palikuwa na lundo. Majani yaliyofyekwa, mashada yaliyonyauka na waya zake, maua ya plastiki, udongo wa ziada. Lundo kubwa kama gari la nyasi, na aliyelijenga alikuwa yeye Amos, toroli baada ya toroli, miaka arobaini na mmoja. Alipoanza kazi aliambiwa atupe pale, kwa kuwa hapakuzikwa mtu.

Alisimama akilitazama mpaka miguu ikamuuma. Kisha akaenda kwa Meja.

Meja alikuwa juu ya ngazi fupi, anachuma matunda kwenye ukuta wa kusini wa nyumba ile ya zamani ya mapadre.

"Tebbutt! Kamata hii." Akamrushia peari. "Bergamot. Mti huu ulipandwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Onja."

Amos aliidaka. Hakuionja.

"Jina limepatikana," alisema. "Jesse Gudgin."

"Vizuri sana! Limo kitabuni?"

"Halimo kitabuni. Limo hapa."

Meja akashuka, akakishika kijiti kwa vidole viwili kama samaki wa juzi. Amos akaeleza: mwaka, siku tisa, nukta tisa. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya Meja.

"Inagusa moyo," alisema Meja. "Kweli inagusa. Lakini hiki ni kijiti, Tebbutt."

"Ni mfupa."

"Kanuni ni moja. Lisilomo katika kitabu cha kanisa haliendi ubaoni. Leo tukipokea vijiti, kesho wataleta vijiko. Doreen mwenyewe angenielewa."

"Usimtaje."

"Nasema tu kwamba—"

"Nimesema usimtaje. Amekuandikia majina mia nne na kumi na mawili. Chini ya ubao mmepanga kuandika yamekusanywa na nani?"

Meja akabadilika rangi. "Hilo lilikuwa pendekezo la kamati."

"Kamati ina watu wangapi?"

"Si hoja, Tebbutt."

"Wewe na mkeo na shemeji yako."

"Unajisahau."

"Sijisahau. Wanasema aliye juu mngoje chini. Mimi nimewangoja chini miaka arobaini na mmoja, Meja, mwenye farasi na asiye na viatu, na hajakosa kuja hata mmoja." Akaiweka peari juu ya ngazi. "Huyu unamjua kwa jina. Ni mti."

Akaondoka.

Mchungaji alikuwa mama kijana mwenye makanisa matano, aliyekula chakula chake cha mchana ndani ya gari. Alimsikiliza Amos dirishani, mkate mkononi.

"Nakuelewa, Mzee Amos. Nitalipeleka kwa kamati. Inakutana Januari."

"Fundi anachonga Novemba."

"Najua."

"Basi hujanielewa, Mchungaji."

Akamwona ameshusha macho, akajutia kidogo. Kidogo tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hawa hata kunyonga walikuwa wanapanga kwa adabu, kwa ajenda, na chai.

Siku ya kuwakumbuka marehemu ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa tisa alasiri. Utaratibu ni wa miaka. Kila mtu huandika majina ya wafu wake kwenye karatasi, anaitia kwenye sanduku mlangoni, Mchungaji anayasoma yote, mshumaa mmoja kwa kila jina. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa huyaandika katika kitabu kikubwa cha kumbukumbu chenye jalada la ngozi. Meja alikuwa na mwandiko mzuri, na hakumwachia mtu kalamu ile.

Amos aliandika karatasi yake jikoni kwa penseli ya Doreen. Aliandika mara tatu, mbili za kwanza akazitia motoni.

Kanisa lilikuwa limejaa nusu. Mchungaji alisoma, watu wakisimama na kukaa kila jina la mtu wao lilipotajwa.

"Doreen Tebbutt."

Amos akasimama.

Mchungaji akaitazama karatasi. Ilikuwa na mstari wa pili. Akainua macho, akamwona yule mzee bado amesimama, mkono mfukoni, hana dalili ya kukaa. Akavuta pumzi.

"Jesse Gudgin," alisoma, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. "Siku tisa."

Benchi la mbele likageuka lote. Mshumaa ukawashwa.

Baada ya ibada Meja alikuwa mezani, karatasi zimepangwa mbele yake. Alipofika ya Amos kalamu ilisimama. Akahisi kivuli, akatazama juu.

"Hii ni hila, Tebbutt."

"Limesomwa kanisani."

"Ulijua kabisa nilikwambia nini."

"Kanuni ni moja, Meja. Ulisema mwenyewe. Yanayosomwa yanaandikwa. Au huyu ana kanuni yake?"

Watu walikuwa bado wanavaa makoti. Mchungaji alisimama karibu na mishumaa, na safari hii hakushusha macho. Meja akachovya kalamu. Akaandika jina, herufi kubwa zenye mikia. Akaandika na siku. Amos hakusogea hadi wino ulipokauka. Kisha akainama, akaweka kidole chini ya neno, akasoma polepole.

"Sasa limo kitabuni."

Meja akaiweka kalamu chini. "Nitampigia fundi kesho."

"Na la Doreen, chini ya ubao."

"Na la Doreen."

Amos hakushukuru. Hakuona cha kushukuru. Miaka zaidi ya mia mbili kulipata jina lililokuwa tayari, na bado mtu alisubiri apigiwe magoti.

Alikwenda kwenye banda lake la zamani, akatoa uma wa shamba na toroli, akavua koti jeusi, akaenda kaskazini. Alichoma uma kwenye lundo. Mvuke ukatoka, harufu ya majani yaliyooza. Akajaza toroli. Mchungaji akamkuta anajaza la pili.

"Mzee Amos, leo ni Jumapili."

"Limekaa juu yake Jumapili ngapi?"

"Unalipeleka wapi?"

Amos akainua mikono ya toroli, akaelekea upande wa nyumba ya zamani ya mapadre.

"Ukuta wa kusini," alisema. "Zile peari zilipendwa sana. Basi zipate na mbolea."