Meno ya Bibi na Dawa ya Mwarobaini

Bibi yangu wa kijijini Iyolwa husafisha meno yake ya bandia kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Harufu ile chungu ndiyo asubuhi za utoto wangu: moshi wa jikoni, Bibi akiimba bila meno, nami nikicheka.

Lakini chuo kiliniharibu. Siku hizi siamini kitu bila kukijaribu. Juzi nilimwambia dawa yake inadhoofisha plastiki. Akanicheka, akayaacha meno yakilowa kikombeni ndani ya rojo la majani yale, akaenda barabarani kumpokea dada yake kutoka Busia. Walikuwa wamepania kutafuna mahindi ya kuchoma pamoja, kama enzi za usichana wao.

Nikayatoa meno, nikayakunja kidogo nipime uimara wake. Ta! Yakakatika katikati. Mpaka leo sijui kama ni majani au ni nguvu zangu. Nikayarudisha haraka, nikaketi kama mgeni.

Waliporudi, Bibi akatoa kikombeni vipande viwili, na dada yake akaguna. "Hiyo majani yako imekula meno! Sasa mahindi nitakula na nani?"

"Kumbe huyu msomi alisema kweli," Bibi akasema kwa huzuni, akachukua kinu chake akitupe.

Nami nikaitikia kwa kichwa, msomi mzima, nikipokea sifa.

Mlangoni akasita, akageuka. "Wewe, lete mikono."

Ilikuwa sauti ileile ya zamani, sukari ilipopungua kabatini. Nikanyoosha mikono. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vya kijani.