Saynab na Ng'ombe Waliogoma

Saynab alizaliwa Sangailu, katikati ya ng'ombe, na sauti yake aliipata huko. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi kazi ya kuchunga ikamwangukia yeye. Jioni alipanda juu ya kichuguu akaimba, na ng'ombe waliotawanyika vichakani wakainua vichwa, wakaja mmoja mmoja kama watu waliosikia pilau imeiva.

Alipoolewa na Rage, karani mpole wa mtaa wa Iftin mjini Garissa, sauti ile ikageuka balaa. Nyumba za Iftin zimebanana. Saynab akimwita binti yake Kowsar aje kula, watoto wa mtaa mzima hunawa mikono.

"Mke wangu," Rage alimwambia siku moja, "jana uliniuliza kama nimekunywa dawa ya kuhara. Leo ofisi nzima imenipa pole."

Saynab akajaribu kunong'ona. Sauti ilimbana kama kiatu cha mtoto.

Jumatano moja alikwenda soko la mifugo kununua mbuzi, akakuta watu wamejaa penye lori. Koome, mfanyabiashara kutoka Meru, alikuwa amenunua ng'ombe, nao wamegoma kupanda. Wapakiaji waliwapiga fimbo na kuwasokota mikia. Fahali mmoja mweupe aliona upuuzi, akalala chini. Koome mwenyewe alikuwa nyuma anasukuma, shati limechafuka kwa namna isiyofaa kuelezwa.

Kila fimbo iliyotua, Saynab aliisikia mgongoni mwake.

"Usibige," alimwambia Koome kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ng'ombe hapana kiziwi. Wewe ambia yeye."

"Nimwambie nini, mama?"

"Wewe hajui. Toka hapo."

Akasimama kando ya lori, akaachia sauti aliyoifungia tangu arusi yake. Fahali mweupe akainuka, akajikung'uta vumbi, akapanda. Wenzake wakafuata. Tatizo ni kwamba wimbo hauchagui: ng'ombe wa watu wengine nao walikata kamba wakaja mbio wakapanda, na mchana wote ukapotea katika kuwashusha huku wenye mifugo wakigombana kwa Kisomali, Kimeru na Kiswahili.

Koome alifuta jasho. "Mama, Jumatano ijayo utakuja?"

"Mimi uliza nyumbani kwanza."

Usiku ule alimweleza mumewe. Rage alifikiri.

"Huko utapaza sauti?"

"Sana."

"Na ukirudi hapa?"

"Nitakuwa nimechoka."

Rage alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema, kisha akaenda mwenyewe kumtafutia viatu imara.

Leo hakuna lori linalopakiwa Garissa bila wafanyabiashara kumuulizia Saynab. Amejifunza kuamuru kwanza ng'ombe wa wengine wapelekwe mbali. Amemwajiri Fosia, mjane wa kwao Sangailu, ambaye mbuzi humtii hata akipiga chafya.

Juzi alikuwa jikoni anamimina anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kwenye kikaango, Koome akapiga simu kutoka Meru.

"Mama Kowsar, wamefika salama, lakini wamekataa kushuka."

"Weka simu karibu na sikio ya ule kubwa."

Saynab akaimba, mwiko mkononi. Kwenye simu kwato zikasikika zikigonga mbao, halafu kimya.

"Koome? Wameshuka?"

"Wameshuka, mama. Sasa wamenizunguka wote, wanaitazama simu. Nifanyeje?"

"Ambia wao mimi nasalimia," akasema Saynab, akaepua anjera.