Salamu Iliyoharibu Dawa

Juzi dukani Usa River aliingia mama mmoja, mkono mmoja umeshika chupa ya dawa ya mizizi, mwingine umebana kanga kifuani. Ni saratani ya titi. Daktari Mzungu wa bomani alishamrudisha nyumbani. Wateja tukasogea mbali na harufu ya kidonda, hakuna aliyemsalimu. Msichana mmoja, mgeni, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

Mama akasita. "Marahaba, mwanangu." Kisha akatoka, akaimwaga dawa yote.

Nikamfuata nje, nikamuuliza kwa nini.

"Mganga aliyenipa dawa hii alinikataza kuitikia salamu njiani. Ukiitikia, dawa haifanyi kazi."

"Sasa mbona umeitikia?"

"Dawa nitaifuata tena kwa mganga kule Akheri. Salamu nitaifuata wapi?"

Mganga yule alijisumbua bure na mwiko wake. Sisi wengine tulikuwa tunamsaidia kuutimiza.