Uji wa Moto wa Shaushi wa Arusha

Nilipokuwa na miaka minane hivi, jino liliniuma mpaka shavu likawa kama nimeficha limau. Mama akanipeleka kwa mhunzi, maana kwetu Moshi mwenye koleo ndiye aliyekuwa mganga wa meno. Nilipoiona ile koleo, nikatoka mbio. Wanaume wanne walinifukuza, wasinipate. Jino lilidondoka lenyewe siku ya tatu, lakini sifa ikabaki mtaani: Juma ana mbio. Chuo cha Kurani nilikiacha kabla sijajua kusoma, kwa hiyo sikuwa na sifa nyingine.

Basi, enzi za Wajerumani nikawa mpagazi. Shingo yangu mpaka leo haigeuki vizuri kushoto. Bwana wa boma alitaka barua zitoke Arusha na kufika Moshi siku ileile. Akasikia habari ya mbio zangu, akanituma Arusha kwa shaushi mmoja, sajini mstaafu wa askari, aliyefundisha matarishi. Nikae mwezi, nirudi na mkimbiaji wake mmoja na barua. Tukitoka alfajiri tukafika wawili kabla jua halijatua, tutaandikwa matarishi. Tukishindwa, mimi narudi kwenye mizigo.

Nilitembea siku mbili. Sanya ilikuwa vumbi na twiga. Nilipofika Usa, wingu likapanda na mlima Meru ukaonekana wote. Nimekulia chini ya Kibo, mlima si kitu kigeni kwangu, lakini huu ubavu wake umemeguka, unaona mpaka tumboni. Nilivua kofia bila kujua namvulia nani.

Jioni nikafika Arusha. Shaushi alikuwa mzee wa Kisudani, goti limevunjika zamani, hawezi kufukuza hata kuku.

"Shikamoo, shaushi."

"Marahaba. Kula kwanza."

Akatupatia uji unaochemka, mimi na kijana wa Kiarusha aitwaye Lomnyaki. Mimi nikaubugia, ulimi ukaungua. Lomnyaki akashika kibuyu chake akiutazama mlima, uji ukapoa wenyewe, akanywa.

Shaushi akacheka. "Wewe wa Moshi unakula kama unafukuzwa. Basi utafukuzwa."

"Na huyu?"

"Huyu anataka kuona. Nitampa vya kuona."

Wallahi, sikuelewa mpaka asubuhi. Mimi alinifungulia mbwa. Kila siku mbwa yule nyuma yangu mpaka mto Themi na kurudi, shaushi kakaa kwenye kigoda anapiga kelele, "Kaza, Juma! Leo hajala!" Na nilikaza! Baada ya wiki mbili nilijiogopa mwenyewe. Lomnyaki hakupigiwa kelele hata moja. Aliambiwa tu, "Nenda Tengeru, uniambie migomba ya kando ya mto imezaa?" Au, "Kule juu tembo wamepita?" Akaenda, akarudi, akasimulia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, naye shaushi akisikiliza kama anasomewa Kurani.

Asubuhi moja nilipanda mteremko kutafuta kuni. Nikamwona Lomnyaki juu yangu, kwenye nyasi penye ukungu, anakimbia peke yake. Hakuna mbwa. Hakuna mtu. Miguu haikusikika. Nilikaa chini, nikasahau kuni. Sikujua binadamu anaweza kwenda vile bila kukimbia kitu.

Nilimwuliza shaushi kwa nini mimi nisifundishwe hivyo. Akasema, "Ningekupeleka ukaone migomba, ungelala chini yake. Nami nikimfungulia yeye mbwa, nitampoteza. Shika hilo, njiani mtakuwa wawili bila mimi."

Nilishika? Sikushika. Nawaambia kabisa: nilirudi kwenye mizigo, miaka miwili. Baadaye, nilipopewa na mimi vijana wa kufundisha, kila mmoja nilimpikia uji kwanza nikamtazama anavyounywa, wakanicheka, wakadhani ni ukarimu. Nilijifunza kwa kuchelewa, Sanya, siku ya kurudi.

Tulitoka Arusha alfajiri, barua kwenye kijiti kilichopasuliwa, Lomnyaki mbele. Usa tulipita jua halijawa kali. Sanya, saa nane, Kibo akatoka mawinguni mzima, mweupe. Lomnyaki alikuwa hajawahi kumwona karibu hivyo. Akasimama.

"Twende, bwana!"

"Ngoja, Juma. Natazama."

Nikalitazama jua. Nikaisikia shingo yangu. Nikaokota fimbo, nikampiga mashavu ya miguu, nikambwekea kama yule mbwa. "Kimbia, mvivu wee! Kimbia!"

Aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi si punda wako, Juma."

"Samahani, ndugu yangu. Tutachelewa!"

"Wewe utachelewa."

Akanikabidhi kijiti chenye barua, taratibu, isikunjike. Akatengeneza rubega begani, akaingia nyikani upande wa kaskazini. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakukimbia. Alitembea tu, akitazama huku na huku, mpaka nyasi zikamfunika, na hakuna aliyemwona tena, si Arusha wala Moshi.