Alama Tulizompa Mkunga wa Mlimani

Habari ya kifo chake niliipata Jumapili, baada ya misa ya pili pale Bwera mpakani, kutoka kwa jirani yake wa sokoni. Aliniambia mama yetu wa vitenge amefariki, na kabla sijauliza lolote akaongeza kwamba hospitalini alihudumiwa vizuri sana. Nikauliza nani kasema. Wauguzi wenyewe, akajibu. Nikauliza na familia inasemaje. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu, na pengine alikuwa na haki. Lakini marehemu ndiye aliyeniharibu. Kwa miaka niliyomfahamu alinizoesha kutoliamini neno "vizuri" mpaka nijue limesemwa na nani, na nani alikuwa amesimama karibu. Hospitali yenyewe siitaji, maana inawezekana kabisa ilimtunza kama mama yake mwenyewe. Mimi sikuwepo.

Alikuwa Mkongomani wa upande wa Butembo, aliyevuka mpaka na mizigo miwili ya vitenge akabaki huku. Tulikutana katika ukumbi mmoja mjini Kasese, mwanzoni mwa muongo huu, shirika fulani lilipokusanya wakulima na wachuuzi ili litufundishe kupima huduma zetu wenyewe: vituo vya afya, makao ya wazee, nyumba za watoto wenye ulemavu. Mimi nilichaguliwa kwa sababu naandika andika, ingawa shule yangu mnaijua iliishia wapi. Yeye alichaguliwa kwa sababu ni mbishi. Tulipogawiwa fomu za maswali, sisi wote tulitafuta kalamu. Yeye akauliza kama aliyetunga maswali haya amewahi kulazwa kituoni hata usiku mmoja. Mwalimu akacheka. Yeye hakucheka.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa makao ya wazee wasio na ndugu, huku chini upande wa Kinyamaseke. Mimi niliangalia shuka, zikawa safi, nikaandika safi. Yeye alizunguka akiwashika wazee mikono, na nikadhani ni upole tu. Tulipotoka akaniambia kucha za wote zimekatwa leo, vipande bado viko mlangoni, mzee mmoja kidole kinatoka damu. "Papa, banajua tunakuja," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako Papa ni baba. Nikamjibu kwamba huenda leo ndiyo siku yao ya kukata kucha, kila nyumba ina utaratibu wake. Akakubali kwamba inawezekana, lakini hakusaini. Wiki tatu baadaye tulirudi bila taarifa, tukakuta kucha fupi vilevile na shuka zilezile safi. Akawapa alama za juu, akamwomba msamaha msimamizi mbele yetu wote. Nalisema hili kwa sababu wapo waliomwita mchongezi tu.

Kisha tukapanda kwenye kituo kimoja kidogo cha afya kwenye milima ya Kyondo. Mkunga wa pale alikuwa peke yake, watu wanamwita Musawo kama waitwavyo waganga wote wa serikali. Mwalimu alitufundisha kupigisha kura kwa punje za kahawa: makopo mawili, la huduma nzuri na la huduma mbaya, kila mtu punje moja. Sisi tukaona heshima kumwachia mwenyeji ayapange, naye akayaweka kwenye meza yake mwenyewe, akakaa hapo. Watu wakapita mmoja mmoja, wakainama, wakasema wasingya, yaani asante, na punje zote zikaanguka kwenye kopo la uzuri. Mimi nilikwisha kuanza kuandika. Yule mama akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Papa, hii haiko alama. Hii iko salamu. Hapa kwenu mutu anaweza kusema mubaya ya mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake?"

Nilijua hawezi. Mimi mwenyewe nisingeweza. Tukamwomba Musawo atupishe, tukatundika mlangoni kitenge kimoja cha biashara ya yule mama, tukayaweka makopo nyuma yake na kurudia. Safari hii kopo la ubaya lilijaa. Musawo alipoliona akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviona vimeoshwa.

Sasa nikaanza kumshuku mwenzangu. Nilikuwa nimesikia kwamba pale kituoni aliwahi kuulizwa karatasi za ukimbizi mbele ya foleni nzima. Nikajiuliza kama kitenge kile hakikuwa kisasi. Nilimwuliza usoni, akasema ndiyo, aliulizwa, na iliuma, kwa hiyo nisimwamini yeye, niwaulize watu. Tukazunguka majumbani siku mbili, na wote walilalamikia jambo moja: Ijumaa mlango umefungwa. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alisema anamwomba Mungu uchungu usimshike Ijumaa. Ijumaa ni siku ya soko, na mwenzangu akakumbuka kumwona Musawo sokoni na boksi mapajani, akisubiri boda. Wote wawili tuliwaza lilelile: anauza dawa za serikali. Ijumaa iliyofuata mwenzangu akaliacha banda lake, akamfuata. Musawo alikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya dawa, akatia saini, akapakia boksi kwenye boda akapanda nalo mlimani. Gari la kupeleka dawa lilikuwa halifiki kule juu tangu barabara ikatike.

Jioni nilijaza fomu. Iliuliza: mhudumu yupo siku zote za kazi? Nikaandika hayupo Ijumaa. Yule mama akaniambia niandike na sababu. Nikasema nafasi hakuna. Akaigeuza karatasi: "Huku nyuma iko mweupe. Andika huku." Nikamwambia mwalimu alikataza kuchafua fomu. Nilisema kweli, alikataza. Lakini kwa haki niseme pia kwamba niliogopa kuonekana mtu asiyejua kujaza karatasi.

Musawo alihamishwa kabla ya mavuno. Mlango ukafungwa Ijumaa, na Jumatatu, na siku zote, kwa miezi mingi. Yule mwanamke wa mimba alijifungulia njiani kwenye mteremko wakimshusha. Yeye alipona, mtoto hakupona. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya fomu yangu, wakubwa wana sababu zao na mimi sikuonyeshwa barua. Nilipomweleza yule mama, alikunja vitenge vyake kwa muda mrefu. Nilitaka aniambie sikukosea. Akasema, "Haukudanganya, Papa. Ulisema nusu." Tuliendelea kufanya kazi pamoja, lakini tangu hapo alikuwa akizisoma fomu zangu mbele na nyuma kabla sijazipeleka, na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo.

Siku hizi karatasi za kupima watu zimeongezeka, na pale mpakani hata joto la paji la uso tunapimwa. Mimi bado nazijaza, na bado sijiamini. Nililojifunza kwake ni hili moja: ukikuta mlango wa mwenzako umefungwa, andika kwamba umefungwa, ila usitie saini mpaka umfuate huko alikokwenda.