Nilipowatetea Polisi wa Filamu Bubu

Siku ya kwanza kazini nilifika saa mbili nzima kabla ya onyesho la Jumamosi, nikiwa na kurasa kumi na nne nilizoandika kwa mkono. Kazi ilikuwa kutafsiri filamu: picha inaenda ukutani, wewe na maiki unawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Nilijifundisha kwa simu chumbani kwangu Hillbrow, na niliogopa kukosea hata neno moja.

Mwenye ukumbi, Mkongo tuliyemwita Patroni, alikuwa amenipa filamu bubu ya Wamarekani. Polisi wanafukuza wezi, basi.

"Watu wakitoka kabla haijaisha," aliniambia, "maiki nampa mwingine. Sawa?"

"Sawa, Patroni."

Sasa nikiri. Polisi wa filamu ile walikuwa wajinga kabisa: wanagonga kuta, wanadondoka garini. Wateja wetu walikuwa wahamiaji, watu wa kusimamishwa na polisi kwenye robot, zile taa za barabarani, na kuulizwa karatasi za ukaazi, na mstari wa mbele walikaa walinzi wenye sare. Niliogopa kuwaumiza wote. Kwa hiyo inspekta mnene alipoanguka, nilisoma: "Anachunguza nyayo." Kimya katika kazi yetu kiliitwa shimo, nami nilifukia kila shimo. Hakuna aliyecheka. Mafundi cherehani wawili wakasimama waondoke.

Patroni akaninong'oneza, "Kijana, hao polisi ni wajomba zako?"

Ukutani, inspekta akamfunga pingu polisi mwenzake, huku mwizi akimshikia kofia. Ukurasa wangu ulisema anampima mwenzake uaminifu. Nilishindwa kuusoma. Nikanyamaza.

"Ni huyo!" akapiga kelele Mama Neema, msusi. "Aliniomba pasipoti, na pasipoti yangu anayo mkononi mwake!"

Ukumbi ukalipuka.

"Eish, Mama, usituangalie sisi," mlinzi mmoja akajibu. "Sisi hata filimbi hatuna!"

Wale mafundi wakarudi kukaa. Toka hapo nilisoma maandishi ya kwenye picha tu. Mengine waliyasema wenyewe, na mimi nilicheka nao mpaka machozi.

Patroni aliniachia maiki miaka mitatu, hadi 2019 ukumbi ulipogeuzwa duka. Nina miaka ishirini na saba na tayari ni mstaafu. Wanaoanza huniuliza siri ya kazi, nami bado naona aibu kuwajibu: wiki nzima nilikesha nikitafuta maneno ya kuwakinga watu wale, kumbe wiki nzima wao walikuwa wakingoja Jumamosi wamcheke polisi.